Nusu ya Meli

Asubuhi ya tarehe tatu Januari, Gunnvor alikuta meli zake zimegeuka.

Jioni iliyotangulia alizipanga mwenyewe juu ya kitambaa cha mahameli, nusu thelathini za meli za fedha, zote zikielekea dirishani, kwa sababu sonara hupanga kazi yake kama mpishi apangavyo visu. Sasa zote zilikuwa zimeelekea mlangoni, na hazikuelekea kwa omo, mbele ya chombo, wala kwa tezi, nyuma yake, bali kwa ule upande uliokatwa. Na kila palipokatwa palikuwa na tone moja la maji, limening'inia, halianguki. Aligusa moja kwa ncha ya kidole akaonja. Chumvi.

"Paa," alisema peke yake, ingawa paa la karakana halikuwa limetimiza mwaka, na hakuna paa duniani linalovuja maji ya bahari.

Akazifuta, akazigeuza zilivyokuwa, akawasha redio. Nje ilikuwa saa nne asubuhi na giza totoro. Kisiwani Skarvøya jua lilikuwa limeaga mwishoni mwa Novemba na lisingerudi kabla ya katikati ya Januari. Karakana yenyewe ilikuwa ghala la zamani la samaki, nusu limesimama juu ya mwamba, nusu juu ya nguzo zilizozama majini, na maji yakijaa unayasikia yakipumua chini ya mbao za sakafu.

Tuseme ukweli kuhusu hizo meli. Watu huvaa vifuani meli za maharamia wa kale wa Kaskazini, shingo ndefu ya joka mbele, mkia umejikunja nyuma, na kadi inayokuja na kidani huwaambia kwamba wamevaa ujasiri, safari na uhuru. Uhuru wa nani? Kadi haisemi kwamba miguuni pa wapiga makasia walifungwa kamba mabinti wa watu wakienda kuuzwa. Haisemi pia kwamba wakubwa wenye meli hizo, walipokufa, walilazwa ndani yake na kufukiwa nazo, kwa hiyo meli ile ile iliyokuwa fahari ilikuwa jeneza. Alama ni kama kabati la nyumba ya urithi. Hujui kuna nini ndani mpaka uhamie.

Gunnvor aliyajua haya. Chuoni aliyaandika kurasa arobaini na kupata alama za juu. Lakini kurasa arobaini hazilipi umeme, na duka la makumbusho kule bara lilitaka kitu cha wapendanao. Basi akaichukua meli, akapitisha msumeno mwembamba pale penye mlingoti, akaifanya vidani viwili. Omo avae anayesafiri. Tezi avae anayebaki. Mkuu wa mauzo wa duka lile, kijana mmoja wa mjini aitwaye Preben, akatunga maneno ya kadi: Hakuna anayesafiri peke yake. Kufika Krismasi, pwani nzima ilikuwa imezinunua.

Pea ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe na mumewe, Eilert, mvuvi.

Waswahili husema ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Gunnvor alikuwa amekata hapo hapo penye ngama, tumboni mwa chombo yanapochotwa maji. Hakujua. Alizaliwa bara, kwenye bonde la misonobari, kwa baba mkata magogo ambaye bahari aliiona mara mbili maishani na mara zote mbili hakuipenda. Mtu yeyote wa Skarvøya angemwonya kwa neno moja, ila neno lenyewe ndilo ambalo watu wa Skarvøya hawalitamki.

Kulikuwa na mmoja aliyekaribia kulitamka. Mkesha wa Krismasi walikula kwa mama yake Eilert, Petra Olaug. Alikuwa mwanamke mfupi wa nyumba ya sala, mjane kwa miaka ishirini na miwili sasa. Mumewe, Hartvig, alitoka kuvua Februari moja, na bahari ikarudisha kasia moja na kifuniko cha boti. Jiwe lake lipo makaburini. Chini ya jiwe hakuna kitu.

Petra alikuwa anagawa samaki na maini yake alipoona mnyororo shingoni mwa mwanawe.

"Hiyo nini?"

"Meli, mama. Kazi ya mkweo."

"Nyingine iko wapi?"

Gunnvor akautoa wake ndani ya sweta. "Mimi nina tezi. Yeye akisafiri, omo inasafiri. Akirudi, meli inakuwa nzima."

Petra aliweka kijiko mezani, taratibu, kama mtu anayeweka kitu cha moto. "Nani alikwambia ukate chombo?"

"Hakuna. Nilibuni tu."

"Ulibuni." Alimtazama kama anamtazama mgeni aliyeingia na viatu. "Kweli. Kwenu misituni kila kilichosimama mnakikata."

"Mama, kula," Eilert akasema, huku anacheka. "Mwenzio ametoka gazetini kwa hiyo meli."

"Vua."

"Nitavua nikioga."

"Basi utavua Pasaka," Petra akasema, akainuka, akaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa. Gunnvor alidhani ni wivu wa mkwe. Wanawake tumefundishwa kudhani hivyo, kila mmoja amtilie mwenzake shaka, ili jambo lenyewe lipite katikati yetu bila kuulizwa.

Eilert aliondoka tarehe mbili Januari pamoja na Jonny, mwenzake wa siku zote, kufuata samaki wa msimu. Usiku wake meli zikageuka.

Siku ya pili zikageuka tena. Siku ya tatu kukaja harufu: mwani uliooza na makoti ya mvua ya wavuvi yaliyofungiwa mahali yakiwa mabichi. Akafungua madirisha, ikakaa. Akachoma kahawa kwenye kikaango, ikakaa. Ilikaa upande mmoja tu wa chumba, ule wa baharini, na aliweza kuingia ndani yake na kutoka kama mtu anayevuka kizingiti.

Siku ya nne, saa sita mchana, aliingia Dagny, mkewe Jonny, anayefanya kazi ya keshia katika duka la ushirika. Theluji ilikuwa imemjaa mabegani na hakuikung'uta. Aliweka nusu ya meli juu ya kaunta na kuisukuma kwa kucha, kama kitu kinachouma.

"Chukua kitu chako."

"Kimevunjika?"

"Hakijavunjika. Wewe ndiye ulikikata." Akageuka kutazama mlango, akashusha sauti. "Kitanda changu kinalowa."

"Kinalowa vipi?"

"Upande wa Jonny. Nimebadili shuka mara tatu, nimegeuza godoro. Katikati kuna mstari, umenyooka kama umepigwa rula. Kwangu kukavu. Kwake maji ya bahari."

"Labda bomba la ukutani..."

"Bomba lijue upande wa Jonny?"

Gunnvor akafungua droo ya pesa. "Nitakurudishia pesa yako."

"Sitaki pesa, dada. Jonny nimempigia, nimemwambia avue chake akifungie kwenye kopo la kahawa mpaka arudi nchi kavu. Mama yangu angekuwa hai ningemwambia yeye, lakini amekufa, kwa hiyo nakwambia wewe, wewe uliyesoma. Mwambie mumeo." Alifika mlangoni, akasimama na mkono kwenye kitasa. "Unasikia hicho?"

Walisikiliza wote wawili. Chini ya sakafu, katikati ya nguzo, kasia lilikuwa linasugua kishwara chake, kile kitanzi kinacholishikia. Kwii. Maji yakamwagika kutoka kwenye bapa lake. Kisha kimya, pale ambapo upande wa pili ulipaswa kujibu. Kwii tena.

"Upande mmoja," Dagny alisema bila sauti, midomo tu, akatoka.

Gunnvor akampigia Preben. Alitaka mauzo yasimamishwe. Alisema kuna kasoro kwenye vidani, wateja wanalalamika. Kasoro gani? Akababaika, akaeleza nusu ya aliyoyaona. Upande wa pili kijana akacheka kwa furaha ya kweli.

"Lakini hii ni nzuri sana, Gunnvor. Watu wanapenda siri. Tuiandike kwenye kadi."

Gunnvor akakata simu kwa hasira, na hasira ilimfaa kwa sababu kwa dakika tano ilichukua nafasi ya woga. Kisha akampigia Eilert.

Simu iliita muda mrefu. Alipopokea, upepo ulikuwa unaongea kuliko yeye.

"Nilikuwa nataka kukupigia," alisema. "Kuna chombo nyuma yetu. Tangu jana."

"Cha nani?"

"Sijui. Kidogo. Hakina taa. Jonny anasema ni sili amepanda gogo, na Jonny hajawahi kuona sili anayepiga kasia." Alijaribu kucheka. "Mtu mmoja. Gunn, chombo chenyewe hakina mbele."

"Vua kidani."

"Eeh?"

"Kivue, Eilert. Sasa hivi, nakuomba, usiniulize."

Alisikia zipu ya koti, mnyororo, pumzi. "Haya. Nimevua. Nimekitupa, umefurahi?"

"Umekitupa wapi?"

"Baharini. Kuna pengine huku?" Kisha Gunnvor alisikia mawimbi, na Jonny kwa mbali akiuliza ni nini, ni nini, na mwishowe sauti ya mumewe ikaja karibu sana na simu, ndogo, ya mtoto anayeripoti jambo asilolielewa. "Amekidaka."

Laini ikafa.

Alipiga mara tisa. Alikwenda mlangoni apate hewa, akaufungua, na kwenye kizingiti, juu ya theluji ambayo haikuwa na alama ya mguu, palikuwa na glavu. Glavu ya sufu ya wavuvi wa zamani, ile isiyo na vidole ila vidole gumba viwili, kimoja kila upande, ili kiganja kikilika uigeuze na kuanza upya. Chumvi ilikuwa imeikaza mpaka ikawa ngumu kama ngozi. Kwenye kifundo, kwa uzi mwekundu, zilifumwa herufi mbili: H ya Hartvig na K ya ukoo.

Aliichukua kwa koleo. Akakimbia nayo barabara nzima, giza la saa saba mchana likimpulizia theluji machoni, mpaka jikoni kwa Petra.

Petra hakuuliza imetoka wapi. Aliivaa. Mkono wake mdogo ukapotea ndani.

"Nilifuma pea mbili mwaka ule, moja bado ninayo," alisema. "Herufi tunaweka ili wakiokotwa wajulikane."

"Mama, niambie ni nini. Sitaki kuambiwa mimi ni wa misituni. Niambie."

Petra alienda dirishani. Pazia la dirisha la baharini lilikuwa zito, la kijani, na Gunnvor alitambua ghafla kwamba katika miaka sita ya ndoa hajawahi kuliona limefunguliwa.

"Wako wanaokufa majini wasizikwe," Petra alisema. "Wengi wanalala. Wengine hawalali. Wanapewa mashua ya kuzungukia, lakini nusu tu, kwa kuwa nusu ya pili ni ya watu walio hai na wafu hawana haki nayo. Ndiyo maana huku hata mtoto mdogo hachori nusu ya mashua. Anachapwa kabla hajaambiwa kwa nini." Alinyoosha pindo la pazia lililokuwa limenyooka tayari. "Mwaka wa tatu nilimwona. Hapo nje, anapiga kasia upande mmoja, anazunguka na kuzunguka kama kuku aliyekatwa kichwa. Alinitazama. Nikavuta pazia. Miaka kumi na tisa, mwanangu. Nilikwenda nyumba ya sala kila Jumapili nikaomba msamaha wa kila kitu, hilo sikulitaja."

"Na mimi nimempa nusu ya pili."

"Umempa mwanawe akae ndani yake."

Ndani ya mlango wa kabati la vikombe palikuwa na namba ya simu kwenye karatasi iliyonata. Kila nyumba pwani ile ina namba kama hiyo, na kila nyumba itakana kuwa nayo. Ilikuwa namba ya msomaji. Kazi yake ni kisomo: damu inayotoka anaisomea ikakoma, moto unaochoma mwilini anausomea ukapoa, kwa simu, bila malipo. Huyu aliitwa Isak Ántte, Msami, wa wale wenyeji wa asili wa Kaskazini, wa ndani ya ghuba, safari ya saa tano, na kazi yake ya mshahara ilikuwa kuendesha gari la kusukuma theluji. Petra akaweka spika.

"Damu au moto?" sauti iliuliza, juu ya mngurumo wa injini.

"Maji," Petra akasema.

Injini ikazimwa.

Aliuliza maswali machache, kama daktari aliyechoka. Chombo kilikatwa wapi? Nani alikata? Aliyevaa omo ni nani wa marehemu? Kiko wapi sasa?

"Alikitupa baharini," Gunnvor akasema. "Mimi nilimwambia avue. Sikumwambia asitupe."

"Basi anacho. Atakuja kuchukua tezi, na atakuja maji yakijaa. Ukimnyima atangoja. Ukimpa hivyo hivyo, vipande viwili mkononi, atarudi kwa mwanawe, kwa sababu kiti alichokwisha kukikalia mtu huwa na jina lake, na omo imekwisha kuvaliwa na mwanawe. Lazima apewe chombo kizima, kiungwe mbele yake, kwa moto, na yule aliyekikata. Na wewe uliyekikata usimtazame usoni."

"Nikiunga ataondoka?"

Wakasikia kioo cha gari lake kikifutwa, mara moja, mara ya pili.

"Chombo kizima kina pande mbili," alisema. "Hilo mlifikirie kabla hamjawasha moto."

"Nimekwisha kulifikiria," Petra akasema.

Gunnvor alifungua mdomo kushukuru. Petra akamziba kwa ile glavu ya chumvi. Msomaji hashukuriwi. Ukimshukuru, kisomo kinaharibika. Akakata simu.

Maji yangejaa saa tisa alasiri. Saa nane na nusu Petra alifika karakana amevaa koti lake la kanisani, kitambaa kipya kichwani, chupa ya kahawa kwapani. Gunnvor alishangaa kidogo, kisha akawa na mengine ya kufikiria. Alipanga vifaa: tupa, koleo ndogo, dawa ya kupaka kwenye kiungo, vipande vyembamba vya fedha laini ya kuungia, mtungi wa gesi. Akaketi ameupa mlango mgongo. Akavua mnyororo, akaiweka tezi juu ya tofali linalohimili moto, peke yake.

Kasia likaanza mbali. Kwii, maji, kimya. Kwii, maji, kimya, na kila kimya kilikuwa kirefu kiasi cha mtu kutumaini, na kila tumaini lilikatwa na ule msuguano, karibu zaidi, mpaka ukawa chini ya sakafu kabisa, chini ya kiti chake, na mbao zikagongwa kutoka chini mara moja, si kwa nguvu, kama jirani anayebisha akijua mwenyewe yupo, na harufu ikapanda kupitia nyufa ikamjaa kinywani hata akahisi anatafuna mwani, na mlango, ambao alikuwa ameufunga kwa komeo na kwa ufunguo na kwa kiti, ukafunguka bila kelele yoyote, na baridi ikaja kumgusa shingoni ikiwa na umbo la mtu mrefu.

Hatua. Maji yakimwagika kutoka kwenye buti zilizojaa. Hatua.

"Hartvig," Petra alisema. "Umechelewa."

Hatua zikasimama.

"Na usiniloweshee sakafu ya mtoto. Simama hapo penye zulia." Sauti yake ilikuwa ya kila siku, ya mke aliyengoja na chakula kikapoa. "Lete hicho ulichoshika. Mpe. Ni fundi, hatakiharibu. Amekwisha kukiharibu mara moja, hatarudia."

Mkono ukaja juu ya bega la Gunnvor. Mmoja, wazi, bila glavu. Aliuona kwa pembe ya jicho na asingeweza kutouona: mweupe kama ngozi ya ndani ya samaki, makombe madogo ya baharini yameota penye kucha. Ukafunguka. Omo ikaanguka juu ya tofali, shingo ya joka ikiwa na uzi wa mwani, na ikajiburuta yenyewe, upana wa ukucha, mpaka ikagusa tezi.

Aliwasha moto.

Kuunga fedha hakutaki haraka. Ukipasha upande mmoja kuliko mwingine, fedha ya kuungia inakimbilia penye joto na kiungo kinabaki wazi. Lazima uzungushe mwale polepole, pande zote sawa, mpaka fedha yote iwe na rangi moja ya waridi, na Gunnvor alizungusha huku matone yakimwangukia kwenye nywele na kuteremka ndani ya kola, huku kitu nyuma yake kikipumua kwa sauti ya maji yanayorudi kwenye bomba, huku Petra akiongea, akiongea bila kupumzika, kama anayemshikilia mtu barabarani asivuke.

"Kanisa wamelipaka rangi upya, mbaya. Ndugu yako aliuza boti akanunua nyumba ya Hispania, mkewe amemkimbia huko huko. Eilert amekuwa mrefu kukuzidi. Ubishi ni wako, usitake kunisingizia mimi. Nilikuona mwaka ule, Hartvig. Unajua nilikuona. Nilikuwa na mtoto wa miaka kumi ndani na sikuwa na la kukufanyia, nikavuta pazia. Hilo nimekuja kukwambia mwenyewe."

Pumzi ile ya bomba nyuma yake ikakoma.

Fedha ikayeyuka. Ikang'aa ghafla, ikakimbia kwenye mstari wote wa kiungo, toka ukingo hadi ukingo, safi. Gunnvor akazima gesi, akaichovya meli majini, ikalia ssss, akaiweka mezani. Nzima.

Akangoja hatua zigeuke. Hazikugeuka. Tone. Tone. Simu yake ikawaka juu ya meza, jina la Eilert, na kidole chake kikagusa spika kabla hajaamua.

"Gunn." Upepo. "Injini imezimika. Jonny yuko chini anaihangaikia. Kuna kitu kinagonga ubavuni, upande wa kulia. Kinagonga mahali pamoja. Hapa hapa nilipokaa."

Ndipo alipoelewa kilichosemwa na msomaji. Chombo kizima kina pande mbili, na mpiga kasia alikuwa mmoja.

Nyuma yake, kifuniko cha chupa ya kahawa kilifungwa. Kisha sauti ya sufu ikivutwa juu ya vidole, glavu ya kwanza, ya pili.

"Sogea," Petra alimwambia mumewe, kama mke anavyosema akipanda kitandani. "Kulia napiga mimi. Kushoto bega linaniuma, unajua."

"Mama, unakwenda wapi?"

"Usigeuke."

"Mama. Tutafute njia nyingine. Nimpigie tena yule..."

"Njia nyingine iko juu ya maji inakuita kwenye simu," Petra akasema. Mkono wake, wa moto, ndani ya sufu, ulimgusa Gunnvor kisogoni mara moja, ukachukua meli mezani. "Ulichokata umeunga. Ni wachache wanaoweza kusema hivyo. Na wala usinishukuru, utaharibu."

Hakugeuka. Aliuma kiganja chake mpaka damu, hakugeuka. Alisikia buti zilizojaa maji na viatu vya kanisani vikitoka pamoja, na chini ya sakafu kitu kikubwa kuliko kilichokuja kikisukumwa kutoka kwenye nguzo. Kisha makasia. Kwii kushoto. Kwii kulia. Yalijibizana, sawasawa, bila haraka, yakienda mbali, na harufu ikaondoka chumbani nayo, na kwenye simu Eilert akasema, "Imeacha. Gunn? Imeacha kugonga."

Polisi wa bara walikuja jioni kwa boti ya uokoaji, wakamulika gati, wakapata chupa ya kahawa. Wakaandika: mzee, giza, barafu. Watu wanaoandika ripoti huwa na maneno matatu hayo hayo kwa kila mwanamke aliyefanya jambo kwa akili zake timamu. Gunnvor hakubishana nao. Aliwasha moto akaunga nusu zote zilizobaki, pea kwa pea, na ile aliyoirudisha Dagny akaiweka kando ingoje kopo la Jonny, kisha akaandika barua kwa kila mnunuzi aliyekuwa na anwani yake, mpaka asubuhi isiyo na mwanga.

Boti ya akina Eilert iliingia saa tatu, ikivutwa na nyingine. Eilert aliruka gatini kabla haijafungwa, uso umebabuka kwa baridi, akamkumbatia mkewe. Jonny alipita na kopo la kahawa amelishika kwa mikono miwili mbele yake.

"Jana tulipishana na watu," Eilert alisema mwishowe, akiwa bado amemshika mabega. "Baada ya injini kuzimika. Mashua ya zamani, nzima, inakwenda vizuri ajabu, wawili ndani yake. Nikawapungia mkono. Mmoja alikuwa mwanamke, Gunn, kwenye mawimbi yale. Akanigombeza toka huko huko kwamba sijavaa kofia."

Alitazama juu ya kichwa cha mkewe, barabarani, kuelekea nyumba yenye dirisha la baharini. Pazia lilikuwa wazi.

"Mama yuko wapi? Hajaja kunipokea."